Homa ya mafua si mafua yaliyozidi

Wengi wetu tuna ngazi kichwani. Chini kabisa yapo mafua. Yakizidi yanaitwa flu. Flu ikikolea inakuwa korona. Ikishuka kifuani ni nimonia. Ndiyo maana mtu pua inamchuruzika kidogo tu anasema "nina flu", na mwingine anayetetemeka kitandani anaambiwa "hayo ni mafua tu yamekushika vibaya". Ngazi hiyo haipo.

Mafua ni maambukizi ya pua na koo. Yanaletwa na virusi vya jamii nyingi, vikiongozwa na rinovirusi, ambavyo peke yake vina aina zaidi ya 100. Homa ya mafua, yaani influenza au flu, inaletwa na virusi vya influenza, hasa vya kundi A na B. UVIKO-19 ina kirusi chake, na RSV, kinachojulikana zaidi kwa kuwasumbua watoto wachanga, ni kingine kabisa. Hakuna kimoja kinachokomaa kikageuka kingine. Nimonia haimo hata kwenye orodha hii, kwa sababu si jina la kirusi. Ni mapafu yaliyovimba na kujaa majimaji, na chochote kati ya hivi kinaweza kukufikisha huko.

Kwa hiyo ukali si kipimo. Wapo wanaopata influenza wakaendelea na shughuli zao, na wapo ambao rinovirusi inawachochea pumu hadi wanalazwa. Kinachosaidia zaidi ni kuuliza ugonjwa ulianzaje. Mwenye mafua atakuambia koo lilimkereketa tangu juzi, jana zikaja chafya, leo pua imeziba. Mara nyingi siku ya pili au ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kisha yanalegea, na kwa kawaida ndani ya siku 7 hadi 10 yamekwisha, ingawa kikohozi hupenda kubaki nyuma. Kwa mtu mzima, joto la mwili halipandi sana, mara nyingi halipandi kabisa.

Mwenye influenza anaweza kukutajia saa. Mchana alikuwa mzima, jioni amejifunika blanketi anatetemeka, joto limepita nyuzi 38, kichwa kinagonga, mgongo na miguu vinauma kana kwamba amebeba mizigo. Kikohozi ni kikavu. Pua inaweza kuchuruzika, lakini si hiyo anayoilalamikia. Homa hukaa siku 3 au 4, na uchovu unaweza kuburuta wiki mbili. Akipata nafuu kisha homa ikarudi pamoja na kikohozi chenye makohozi mazito, hapo shuku nimonia ya bakteria iliyoingia baada ya kirusi, na asikae nyumbani kusubiri.

UVIKO-19 ndiyo inayovuruga mpangilio huu. Inaweza kuanza polepole kama mafua au kwa kishindo kama influenza. Kupotewa na harufu ilhali pua iko wazi, yaani unavuta hewa vizuri lakini sabuni hainukii, ni dalili iliyosaidia sana mwanzoni. Tangu Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, ilipoingia mwishoni mwa 2021 imekuwa adimu zaidi. Pua iliyoziba kwa mafua nayo huficha harufu, hivyo isikupe jibu. Bila kipimo, hata daktari mzoefu hawezi kutenganisha UVIKO-19 na influenza kwa kumtazama mgonjwa. Na kipimo cha haraka cha UVIKO-19 kikitoka hasi siku ya kwanza ya dalili, kirudiwe baada ya saa 48. Mara nyingi kirusi kinakuwa bado hakijatosha kuonekana.

Rangi ya kamasi nayo iachwe. Kijani kinatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, si ushahidi wa bakteria, wala si sababu ya kununua antibayotiki.

Kwa RSV, watu wazima wengi huhisi mafua ya kawaida tu. Kichanga ndiye wa kuangaliwa: huanza na pua, kisha kati ya siku ya 3 na ya 5 vijia vidogo vya hewa huvimba na kifua kinatoa mlio kama wa filimbi. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kuhema haraka. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya, apelekwe hospitali hata kama hana joto.

Jina sahihi lina kazi yake. Dawa kama oseltamivir hupambana na influenza tu, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Kwa rinovirusi haifanyi chochote. Mjamzito, mzee au mwenye kisukari akiambiwa "mafua tu", saa hizo zinampita. Mtoto mwenye dalili za influenza naye asipewe asprini, kwa hatari ya ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Halafu kuna lile lalamiko la kila mwaka: "Nilichanjwa chanjo ya flu na bado nimeugua flu." Inawezekana, maana chanjo hiyo haikingi kwa asilimia mia. Lakini kama ulianza na koo, ukapiga chafya siku mbili na hukupata homa, yaelekea ni mafua, na chanjo ile haikutengenezwa kwa ajili ya mafua.