Dripu kushindwa si lazima dawa iwe feki

Huku Masasi mtoto asipopata nafuu, maneno ni yale yale: dawa feki, au mkono wa mtu. Kwa ugonjwa wa Kawasaki, unaovimbisha mishipa inayolisha moyo, jibu huenda limo kwenye damu ya mtoto mwenyewe. Tiba yake ni dripu ya kingamwili, yaani protini za kinga zilizotolewa kwenye damu ya watu wengine, gramu 2 kwa kila kilo ya uzito. Hata ikiwa safi, kati ya watoto 10 mmoja au wawili homa haishuki. Watafiti wa Japani walihusisha hali hiyo na jeni ITPKC, breki ya chembe za kinga. Kwa wengine breki hiyo ni legevu kwa kurithi, hivyo kinga hupitiliza. Homa ikiendelea saa 36 baada ya dripu kuisha, daktari huongeza dripu ya pili au steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe), bila kusubiri kipimo cha jeni.