Mwaga mfuko wote mezani

Mgonjwa mzee akiingia kliniki ya moyo hapa Mbeya, mimi siombi daftari kwanza. Naomba mfuko. "Bibi, mwaga vyote hapa mezani, hata vya kienyeji." Anacheka kwa aibu, kisha vinatoka: bahasha za kaki zilizofutika maandishi, karatasi za vidonge zilizokatwa kwa mkasi, chupa ya kikohozi, na kidonge kisicho na jina ambacho jirani alimwambia kinasaidia.

Mimi ni mfamasia. Katika kazi yetu, mtu akitumia dawa 5 au zaidi kila siku tunasema ana dawa nyingi. Lakini mwenye moyo uliochoka kusukuma damu hufika 5 kihalali kabisa, kabla hujahesabu za kisukari. Kwa hiyo sigombani na idadi. Nagombana na kidonge ambacho hakuna anayejua kiliingiaje mfukoni.

Kuna bibi wa Rungwe, presha ya miaka mingi ilikwisha kumpanua moyo. Alikuwa na losatani, dawa ya presha, akaongezewa nyingine ya presha, amlodipini. Presha ikashuka, miguu ikavimba. Amlodipini ina tabia hiyo: inalegeza mishipa midogo, maji yanavujia vifundoni. Kituo kingine kikaona uvimbe, kikampa Lasix, dawa ya kukojoza. Uvimbe wa namna hiyo hausikii sana Lasix, basi dozi ikapandishwa. Usiku misuli ikaanza kumkaza, duka la dawa likamuuzia diklofenaki, dawa ya maumivu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu diklofenaki inazuia chumvi na maji visitoke, na ikikutana na losatani na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kufeli. Dawa 4 mezani, na 2 kati ya hizo zimezaliwa na amlodipini! Daktari alibadilisha amlodipini na kuondoa diklofenaki, kisha akapima figo na madini ya potasiamu kwenye damu kabla ya kuigusa Lasix.

Hiyo Lasix ina vituko vyake. Mzee anayetoka Kyela au Makete haimezi siku ya kliniki, maana basi halitasimama kila anapobanwa. Anafika amevimba na anahema, daktari anaona dawa haitoshi, anaongeza. Siwalaumu wazee, hata mimi ningefanya hivyo. Ila semeni! Mara nyingi tunaweza kukubaliana uimeze ukifika nyumbani mchana, mradi isiwe jioni. Ukiimeza jioni utaamka mara tatu kwenda choo cha nje, na baridi ya Julai ya huku mnaijua. Ukiinuka kitandani kwa haraka presha inashuka, kizunguzungu, chini. Nyonga ya mtu wa miaka 78 ikivunjika, moyo unakuwa tatizo la pili.

Watu huniuliza kuhusu parachichi na ndizi. Vyote vina potasiamu, viazi pia. Spironolaktoni, dawa nyingine ya kukojoza, ikiwa pamoja na losatani au enalaprili, nayo ya presha, huipandisha potasiamu hiyo hiyo, na ikizidi sana mapigo ya moyo yanavurugika. Simkatazi Mnyakyusa ndizi, nisije nikafukuzwa mjini. Nataka damu ipimwe, hasa wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilika. Figo zikiwa dhaifu ndipo tunazungumza kuhusu sahani.

Kwa mjukuu anayesoma hii kwenye simu: chukua kalamu, andika juu ya kila bahasha dawa hiyo ni ya nini, kwa maneno ya nyumbani. "Ya maji." "Ya presha, asubuhi." Ile utakayokosa cha kuandika, niletee kwanza. Usiitupe wala usimwachishe bibi mwenyewe. Kavediloli na atenololi, dawa zinazotuliza mapigo ya moyo, zikikatwa ghafla moyo huenda mbio, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba hiyo inaweza kuleta shambulio. Tunazipunguza kidogo kidogo, na kila hatua tunampima bibi presha akiwa amekaa, halafu akiwa amesimama.