Skrini ya LCD hutengenezaje giza?

Vaa miwani ya jua yenye polaraizi, ile inayokata mng'ao wa jua juu ya maji, uitazame skrini ya LCD (yaani skrini ya fuwele kioevu, kama ya kompyuta nyingi) huku ukiinamisha kichwa polepole. Kwenye pembe fulani picha itafifia, pengine hata ipotee. Geuza kichwa, itarudi.

Mwanga wa kawaida hutikisika pande zote. Kichujio cha polaraizi hupitisha mtikisiko wa upande mmoja tu. LCD ina vichujio viwili, cha nyuma na cha mbele, na katika aina ya zamani iliyoenea sana vimewekwa vikikingamana. Kilichopitishwa na cha kwanza kingepaswa kuzuiwa chote na cha pili. Kinachouokoa mwanga huo ni tabaka la fuwele kioevu lililo katikati, lenye unene wa mikromita chache tu, jembamba kuliko unywele.

Fuwele kioevu hutiririka kama mafuta, lakini molekuli zake, ndefu kama vijiti, hupenda kulala zikielekea upande mmoja. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea kutoka Austria, aliigundua hali hii mwaka 1888, alipoona dutu itokanayo na kolesteroli ikiyeyuka mara mbili: kwanza ikawa na ukungu, kisha, joto lilipozidi, ikawa angavu.

Ndani ya skrini, vijiti vinavyogusa kioo cha nyuma hulazwa upande mmoja, vya mbele hulazwa kwa kukingamana navyo. Vya katikati hujipinda kidogo kidogo, kama ngazi ya mzunguko. Mwanga hufuata msokoto huo, hugeuka nyuzi 90, na kutoka. Ukipitisha volti chache, vijiti husimama, msokoto hufunguka, mwanga hukwama: pikseli, yaani nukta moja ya picha, inakuwa nyeusi. Volti ikiwa ndogo zaidi, unapata kijivu. Wanafizikia Martin Schadt na Wolfgang Helfrich walibuni mpangilio huu nchini Uswisi mwaka 1970, na kwangu bado ni ubunifu wa kupendeza mno: umeme kidogo kabisa unaongoza mwanga mwingi.

Ila fuwele zenyewe haziwaki. Taa iko nyuma yake. Kichujio cha kwanza hula takriban nusu ya mwanga, vichujio vya rangi nyekundu, kijani na buluu hula sehemu kubwa ya uliobaki. Katika skrini nyingi taa hiyo huwaka hata picha ikiwa nyeusi tupu, na kwa kuwa hakuna kichujio kinachozuia kila kitu, ukizima taa za chumba utaona weusi wa LCD una ukijivu.