Kiwewe Hakiponi kwa Kukwepwa

Baada ya ajali, kushambuliwa au kufiwa ghafla, kukosa usingizi, kushtukashtuka na kuona tukio likijirudia akilini ni jambo la kawaida. Wengi hutulia wenyewe ndani ya wiki chache, hasa wakiwa karibu na watu wanaowaamini. Usimlazimishe manusura asimulie yote siku hizo. Mhakikishie usalama, kisha sikiliza anachotaka kusema. Dalili zikizidi mwezi 1 na kuvuruga kazi au maisha ya nyumbani, ni wakati wa kumwona mtaalamu.

Kinachokifanya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha, kidumu, mara nyingi, ni kukwepa. Aliyepata ajali huacha kupanda gari, moyo ukatulia papo hapo, na ubongo ukaamini kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Hofu hunenepa hivyo, siku hadi siku.

Tiba inayolenga kiwewe hugeuza mwendo huo polepole. Aina moja inayotumika sana huchukua vikao 8 hadi 15, kila kimoja kama dakika 90. Mteja na mtaalamu hupanga ngazi ya hofu, kuanzia 0 hadi 100. Kukaa ndani ya gari lililoegeshwa, injini imezimwa, pengine ni 30. Injini ikiwaka, 45. Kupita pale ajali ilipotokea, 95. Huanza ngazi za chini, akae humo dakika 30 hadi 45, au mpaka hofu ipungue kwa nusu. Akitoka garini hofu ikiwa kileleni, ubongo hurudia somo lilelile la zamani. (Zoezi hili ni la mambo yaliyo salama sasa. Anayeishi bado na anayempiga anahitaji ulinzi kwanza.)

Kikaoni pia mteja husimulia tukio macho yakiwa yamefumbwa, kana kwamba linatokea sasa, tena na tena. Humo ndimo hujitokeza wazo lililojificha, kama “kosa lilikuwa langu”, na hilo huchambuliwa kwa utulivu.

Mwanzoni ndoto mbaya zinaweza kuongezeka, na wengine huacha hapo. Tafadhali usitoweke, mwambie mtaalamu apunguze kasi. Mawazo ya kujiua yakija, usisubiri kikao kijacho, tafuta huduma ya dharura siku hiyohiyo.

Siku ya kwanza muulize mtaalamu: umefunzwa tiba inayolenga kiwewe? Tutapimaje maendeleo? Mwenye ujuzi atakujibu bila kukasirika.