Rangi na kazi za mikono za kuanzia kwa nyumba yenye sura ya mashambani

Wanafunzi wangu wengi huja wakiwa wameshachagua rangi, lakini swali la kwanza ninalowauliza ni kitu gani kinakwenda kupakwa, na kama kiliwahi kupakwa kitu kingine hapo awali. Ninaanza hivyo kwa sababu sura ya nyumba ya mashambani, ile ya makabati yaliyopauka pembezoni, kuta zisizong'aa na mazulia yaliyosukwa kwa nguo kuukuu, ilitokana na vifaa vichache vilivyopatikana karibu: chokaa, udongo wenye rangi, maziwa, mafuta ya kitani na mbao ambazo hakuna aliyejaribu kuzificha. Nyekundu ya nyumba za mbao za Uswidi, kwa mfano, ilianzia kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun, yenye oksidi ya chuma kwa wingi, ambayo yalichemshwa pamoja na maji, unga wa nafaka na mafuta ya kitani. Anayeanza leo ataipata sura hiyo upesi zaidi akijibana kwenye rangi chache na vitu vidogo kuliko akianza na ukuta mzima wa sebule.

Rangi ninazopendekeza ni nyeupe iliyofifia, manjano ya udongo, nyekundu ya kutu, na kijani au buluu iliyopoozwa. Neno la muhimu hapo ni kupoozwa. Kijani kinachotoka moja kwa moja kwenye kopo mara nyingi huwa kikali mno, na wengi hukimbilia kukitia nyeusi, kikaishia kuwa kichafu. Tone dogo la nyekundu hukituliza vizuri zaidi, kama vile tone la rangi ya chungwa linavyoituliza buluu. Jaribu mchanganyiko huo kwenye kipande cha ubao, usubiri ukauke, ndipo uuhukumu, kwa kuwa rangi nyingi za maji hukolea kidogo zinapokauka.

Watu huniuliza pia kuhusu rangi ya maziwa. Ni rangi ya kweli na ya zamani: kasini, yaani protini ya maziwa, ikikutana na chokaa hugeuka gundi inayoishika rangi ya unga kwenye ubao, na uso wake hukauka bila mng'ao wowote. Hata hivyo huharibika ndani ya siku chache baada ya kuchanganywa, na kwenye uso uliokwisha kupakwa vanishi hubanduka isivyotabirika. Kwa kazi ya kwanza, rangi ya maji isiyong'aa inatosha kabisa.

Kitu ninachopenda mtu aanze nacho ni stuli ya mbao. Ni ndogo, ina sehemu bapa na sehemu za mviringo, na kosa lolote juu yake husahihishika. Kama stuli hiyo ina rangi ya miaka mingi ambayo hujui asili yake, usiipige msasa. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Marekani ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, na nchi kadhaa zilifuata baadaye, kwa hiyo vumbi la rangi ya namna hiyo ni sumu, hasa kwa watoto. Tafuta stuli nyingine, au kipimo cha kugundua risasi kabla ya kuigusa.

Stuli salama huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya mikono, ikaachwa ikauke, kisha ikapigwa msasa namba 120 na kumaliziwa na namba 180 au 220. Namba inavyokuwa kubwa ndivyo msasa unavyokuwa laini. Sugua kwa kufuata mkondo wa nyuzi za mbao, kwa sababu mikwaruzo iliyokwenda kinyume na nyuzi huonekana hata chini ya rangi. Baada ya kufuta vumbi, chunguza mafundo ya mbao. Fundo la msonobari lina utomvu unaopenya rangi ya maji na kuacha doa la kahawia, wakati mwingine wiki kadhaa baada ya kazi kukamilika, na dawa yake ni kulifunika kwa mipako miwili myembamba ya shelaki, aina ya vanishi inayozuia utomvu, kabla ya rangi yoyote.

Sasa tuje kwenye uchakavu, kwani hapa ndipo kazi ya anayeanza hufaulu au hufeli. Paka kwanza rangi iliyokolea, tuseme nyekundu ya kutu, uiache ikauke kabisa. Chukua mshumaa mkavu usugue nta yake mahali ambapo stuli ingelika yenyewe kwa miaka ya kutumika: ukingo wa mbele wa kiti, pembe, ncha za miguu, na ule mti wa chini ambao watu huegemeza visigino. Juu yake paka mipako miwili myembamba ya rangi nyepesi. Ikikauka, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, na rangi iliyoketi juu ya nta itaachia vipande vidogo na kuifunua nyekundu iliyo chini. Tatizo la kawaida ni kukwaruza kila mahali kwa kiwango kimoja, mpaka stuli ikaonekana kama iliyoburutwa nyuma ya mkokoteni. Uchakavu wa kweli una sababu. Katikati ya upande wa ndani wa mguu hakuna anayepagusa, kwa hiyo hapo rangi ibaki nzima. Lakini ule mti wa visigino unaweza kufunuliwa mpaka ubao wenyewe uonekane, na macho hayatashuku kitu.

Nta yote iliyosalia iondolewe kwa kitambaa chenye spiriti ya madini (white spirit) kidogo, kwa sababu vanishi haishiki juu ya nta. Malizia kwa vanishi ya maji isiyong'aa. Ile ya mafuta huelekea manjano kadiri muda unavyopita na kuiharibu nyeupe yako. Stuli itaonekana kavu baada ya saa moja au mbili, ila rangi ya maji huendelea kukomaa kwa wiki 2 hadi 4, na katika kipindi hicho usiikalie mfululizo wala kuweka juu yake kikombe cha moto. Ikiwa utachagua kumalizia kwa mafuta ya kitani badala ya vanishi, tandaza vitambaa vilivyolowa mafuta hayo nje vikauke kimoja kimoja. Vikikunjwa na kurundikwa pamoja hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto pasipo cheche yoyote.

Ukuta wa chokaa ni hatua ya pili, na si mgumu kama unavyodhaniwa ilimradi ukuta wenyewe unafaa. Chokaa huhitaji uso unaonyonya maji: lipu, tofali tupu au jiwe. Juu ya rangi ya plastiki haishiki, itapukutika. Nunua chokaa iliyokwishazimwa, maana chokaa hai huchemka kwa nguvu ikikutana na maji na si kitu cha kuchezea nyumbani, kisha vaa miwani ya kukinga macho na glavu, kwa sababu hata iliyozimwa huunguza. Ichanganye na maji mpaka iwe na uzito wa maziwa, lowesha ukuta, na upake kwa brashi pana huku ukibadilisha mwelekeo wa mkono.

Mpako wa kwanza utakuvunja moyo, kwa kuwa chokaa ikiwa bado mbichi huonyesha kilicho chini yake na ukuta huonekana haujapakwa kitu. Wengi hapo huongeza chokaa nzito ili waone weupe, na matokeo yake ni tabaka linalopasuka na kuacha unga kwenye nguo. Vumilia. Weupe hujitokeza inapokauka, na ugumu huja polepole zaidi, pale chokaa inapovuta hewa ya ukaa na kugeuka kaboneti ya kalsiamu, ambayo ndiyo mata ya mawe ya chokaa yenyewe. Kwa hiyo mipako 3 hadi 5 iliyo myembamba, kila mmoja ukipewa siku nzima na kulindwa dhidi ya jua kali, hudumu kuliko mmoja mnene. Ukitaka rangi, tumia unga wa udongo au oksidi za chuma, kwani rangi nyingine nyingi hupaushwa na ukali wa chokaa.

Juu ya ukuta huo, au kwenye mlango wa kabati, unaweza kuongeza pambo la stensili, yaani kiolezo chenye umbo lililokatwa ambalo hupakwa rangi kupitia humo: jani, shada, safu ya maua madogo. Siri yake yote ni brashi inayokaribia kuwa kavu. Chovya ncha ya brashi fupi ya mviringo, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama hakuna rangi iliyobaki, kisha gongagonga ukiwa umeisimamisha wima. Ukiipitisha kwa kulaza, rangi huingia chini ya ukingo na jani hupoteza umbo. Anza kupima katikati ya ukuta na kuelekea pembeni, ili pambo likatikie kwenye kona ambayo haionekani sana. Vibao vya maneno ya kuwakaribisha wageni sivifundishi tena. Safu moja ya majani iliyopangwa kwa makini hufanya kazi kubwa zaidi, nayo haichoshi kuitazama. Chupa na mitungi ya kioo nayo ni kazi ya jioni moja: ioshe, ifute kwa spiriti, ipake rangi ya maji iliyochanganywa na soda kidogo ya kuokea mikate, na uso wake utakuwa na ukwaru unaofanana na udongo uliochomwa. Itumie kwa maua makavu tu, maana rangi hiyo haistahimili kuoshwa.

Kazi ya mwisho ninayoipendekeza ni zulia la kusuka. Chana nguo kuukuu za pamba ziwe tepe za upana wa sentimita 5 hivi. Kuunganisha tepe mbili hakuhitaji sindano: toboa tundu dogo kwenye ncha ya kila moja, laza tundu la mpya juu ya tundu la ile ya zamani, kisha chukua mkia wa tepe mpya uupitishe katika matundu yote mawili kutokea chini, na uvute. Suka tepe tatu ziwe msuko mrefu, uzungushe msuko huo kuanzia katikati, ukiunganisha mizunguko kwa uzi mgumu unaopita kati ya vitanzi vya msuko, bila kutoboa kitambaa.

Fanya kazi hiyo mezani, zulia likiwa limelala bapa, kwa sababu likishonwa mapajani hujikunja. Mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani, hivyo kwenye mapindo ruka kitanzi kimoja cha upande wa nje mara kwa mara ili msuko upate nafasi. Kingo zikianza kuinuka kama bakuli, umekaza mno na unapaswa kuruka zaidi. Zikianza kufanya mawimbi, umeruka kupita kiasi. Fumua mzunguko mmoja mara tu unapoliona tatizo, kwa kuwa pasi haitalinyoosha. Unapokaribia kumaliza, punguza upana wa tepe zote tatu kwenye sentimita 20 za mwisho ili msuko uchongoke taratibu, uuchomeke ndani ya vitanzi vya mzunguko uliotangulia, na ushone ncha yake kwa upande wa chini.