Mkojo kugoma baada ya kuwekewa nyonga au goti bandia: maswali na majibu

Tatizo lenyewe ni lipi?

Kibofu kimejaa, lakini mkojo hautoki, au yanatoka matone tu. Figo zinaendelea kutengeneza mkojo kama kawaida. Kinachoshindikana ni kuutoa. Hutokea zaidi siku ya upasuaji na siku inayofuata.

Nimepasuliwa goti. Kibofu kinahusikaje?

Sindano ya ganzi ya mgongoni hailazi miguu peke yake. Inalaza pia mishipa ya fahamu inayokiamuru kibofu kibane na inayokuletea habari kwamba kimejaa. Ikichanganywa na mofini, dawa kali ya maumivu, kibofu huchelewa zaidi kuamka, hata kama vidole vya miguu vimeshaanza kucheza. Huku dripu inaingia, umelala chali, una maumivu na choo kimekuwa kigumu.

Inawezekana kujua mapema nani litampata?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tunawatazama kwa makini wanaume wenye umri mkubwa, hasa wenye tezi dume iliyovimba. Mtu aliyewahi kuzibwa mkojo. Mwenye kisukari cha miaka mingi au aliyepata kiharusi. Na anayetumia dawa za aleji au mafua zinazoleta usingizi. Wanawake pia hupatwa, ingawa si kwa wingi huo.

Kwa wanaume kuna kipimo cha maswali saba kuhusu mwezi uliopita: unaamka mara ngapi usiku, mkojo una nguvu, unakatikakatika, unajikamua, unabanwa ghafla, unarudi chooni mara kwa mara, unahisi umebaki? Kila jibu lina alama 0 hadi 5. Jumla ikiwa 8 hadi 19 dalili ni za kati. 20 hadi 35 ni kali. Kipimo hiki hakihitaji mashine, kinahitaji ukweli. Wazee wengi wanatuambia "mkojo hauna shida", kisha jioni mama wa nyumbani anatunong'oneza kwamba mzee huamka mara tano kila usiku. Baba zangu, nesi akiuliza habari za mkojo hakuvunjii heshima. Na kama una dawa za tezi dume, njoo nazo wodini. Usiziache nyumbani eti umekuja kwa ajili ya goti.

Sisikii mkojo. Si ina maana sina mkojo?

Hapana. Hili ndilo linalotuumiza. Ganzi imezima hisia. Kibofu kinaweza kuwa na zaidi ya nusu lita na wewe umelala kwa raha. Usisubiri kuusikia. Yakipita masaa sita tangu upasuaji hujakojoa, mwite nesi, usiku wa manane au alfajiri.

Lakini matone yanatoka.

Jibu ni lile lile: mwite nesi. Matone mara nyingi ni mkojo unaofurika kutoka kwenye kibofu kilichojaa kupita kiasi.

Ndugu wanasema nivumilie, utakuja wenyewe asubuhi.

Usivumilie. Misuli ya kibofu ikivutwa kwa masaa mengi hulegea kama mpira wa suruali, na wengine hukaa na mpira wa mkojo (mrija unaopitishwa hadi kwenye kibofu ili kutoa mkojo) kwa wiki kadhaa kwa sababu ya usiku mmoja wa kuvumilia. Ndugu nao waache kumnywesha mgonjwa madafu na maji mengi ili "kuusukuma". Wanazidi kukijaza kibofu kisicho na njia ya kutolea. Na tafadhali, hakuna kumkanda kwa maji ya moto mtu mwenye ganzi. Ataungua bila kusikia.

Mtanifanya nini?

Kwanza tutakusaidia ukae au usimame ukiweza, kwa faragha, maana wengi hawawezi kukojoa wakiwa wamelala. Ikishindikana, tunapima kibofu kwa altrasaundi pale ilipo, au kwa mkono, kisha tunapitisha mpira, tunatoa mkojo na mara nyingi tunauondoa mpira hapo hapo.

Kwa nini msimwekee kila mtu mpira tangu mwanzo?

Mpira unaokaa bila sababu huingiza bakteria kwenye njia ya mkojo, na mtu mwenye kiungo kipya hatutaki apate maambukizi popote mwilini.

Nimesharudi nyumbani, mkojo umekatika usiku. Nisubiri siku ya kliniki?

Usisubiri kliniki, usisubiri hata asubuhi. Si lazima urudi pale ulipopasuliwa. Nenda hospitali au kituo cha afya cha karibu kinachoweza kuweka mpira. Fanya hivyo pia ukipata homa, mkojo wenye damu au maumivu makali chini ya kitovu. Beba karatasi ya ruhusa na dawa zako zote, na mwambie anayekupokea, kabla hajaanza, kwamba una nyonga au goti bandia.