Je, wajua kwa nini kisukari cha mimba husumbua zaidi asubuhi?

Mjamzito wa Lamu akishaambiwa kliniki kuwa ana kisukari cha mimba, mara nyingi kitu cha kwanza kukiogopa ni wali wa nazi. Lakini kwa wengi mlo mgumu zaidi ni wa asubuhi: mahamri matatu na chai tamu.

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoufanya mwili wa mama usiitikie vizuri insulini, homoni ya kushusha sukari, ili sukari ibaki kwenye damu imfikie mtoto. Hali hii huzidi mimba inapokua, ndiyo maana kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi hufanywa kati ya wiki ya 24 na 28. Alfajiri huongezeka kotisoli, homoni ya kuuamsha mwili, nayo pia huipinga insulini. Unga mweupe ukiingia saa hiyo, kongosho, kiungo kinachotoa insulini, tayari limeelemewa.

Dawa si kulala njaa wala kuruka mlo. Mama asipokula, mwili huyeyusha mafuta na kutoa ketoni, ambazo zikizidi hazimfai mtoto. Igeuze sahani: mbaazi ziwe nyingi, yai la kuchemsha kando, hamri moja tu, na chai isiyo na sukari, maana kila kijiko cha chai ni gramu 4. Anza na yai na mbaazi. Protini na nyuzinyuzi huchelewesha wanga kufika kwenye damu. Juisi ya embe iache hata kama haikutiwa sukari. Nusu embe, mchana, inatosha.

Wali haujaharamishwa. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina karibu gramu 45 za wanga; sehemu kubwa ya sahani iwe samaki na mchicha.

Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu, na vichochoro vya Mji wa Kale vina kivuli cha kutosha. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuzungumza bila kuhema. Ukiona damu au maji yanatoka ukeni, kizunguzungu, au tumbo linakaza na kuachia, simama na uende hospitali.

Kwa anayejipima kidoleni, malengo ya kawaida ni chini ya 5.3 mmol/L kabla ya kula chochote asubuhi, na chini ya 7.8 mmol/L saa moja baada ya mlo, ikihesabiwa tangu tonge la kwanza. Nawa kwa sabuni na ujikaushe: kidole kilichoshika embe au halwa hutoa namba ya uongo, na mama hujinyima chakula bure.

Namba ya alfajiri ikiendelea kuwa juu ingawa unakula vizuri, usijilaumu. Hiyo hutokana zaidi na ini kumwaga sukari usiku, na kutembea pekee huenda kusiizuie. Rudi kliniki, wengine huhitaji sindano za insulini au vidonge vya metformini.

Kondo likishatoka sukari kwa kawaida hushuka, lakini hatari ya kisukari cha kudumu hubaki. Arobaini ikiisha, rudia kipimo cha gramu 75, kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha upimwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu.